Maua ya Mwaka Mzima Hapa Mishamo: Rangi Bustanini Bila Kumaliza Maji ya Familia



Tumezoea kuongelea mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Leo naomba tuongee maua. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba naye kaishiwa, sasa anatufundisha maua." Subiri kidogo. Swali hili nimeulizwa na akina mama, nimeulizwa na walimu wa shule za msingi, nimeulizwa na vijana waliomaliza kujenga nyumba zao za kwanza za matofali ya kuchoma: nipande maua gani yaonekane mwaka mzima, hata ule mwezi wa tisa ambao nyasi zote zimekauka na vumbi limepanda mpaka juu ya bati?

Mimi mwenyewe niliwahi kulijibu swali hili vibaya, nikamtia mtu hasara. Kwa hiyo nianze na kosa langu, halafu tuje kwenye majibu.

Maua yaliyokunywa kuliko ng'ombe

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tano, mama mmoja wa Bulamata alinisimamisha njiani. Binti yake alikuwa anafanyiwa send-off mwanzoni mwa Septemba. Si unajua, huku kwetu sherehe nyingi zinafanyika kiangazi, mavuno yameshauzwa na mvua haiwezi kuharibu turubai. Akaniambia, "Bwana shamba, nataka wageni wakiingia uwanjani wakute maua. Nisaidie."

Nikajisikia fahari. Nikakumbuka picha za vitabu vya chuoni wakati nasoma diploma, nikamwandikia orodha: petunia, salvia, na waridi mawili matatu. Miche ikanunuliwa Mpanda mjini, ikaja kwenye gari imebanwa kati ya magunia, tukaipanda katikati ya mwezi wa sita kwenye tuta zuri mbele ya nyumba. Nikamwambia amwagilie ndoo mbili asubuhi na ndoo mbili jioni. Nikaondoka nimeridhika.

Ngoja tupige hesabu ambayo mimi sikuipiga siku ile. Ndoo moja ni lita 20. Ndoo nne kwa siku ni lita 80. Kwa siku 60 ni ndoo 240, yaani lita 4,800. Na maji hayo hayakutoka kwenye bomba la uani, yalitoka kwenye pampu ya mkono, kichwani mwa binti mdogo wa pale nyumbani. Mwezi wa nane foleni ya pampu huwa ndefu, na maji ya kupikia, kuoga na kunyweshea mbuzi ni yale yale.

Nilipopita tena katikati ya Agosti, petunia zilikuwa zimeungua kama zimepitiwa na moto. Waridi moja lilibaki na majani manne. Nikamsalimia mama yule kwa aibu. Hakunigombeza, alisema tu, "Bwana shamba, maua yako yanakunywa kuliko ng'ombe. Mtoto amechelewa shule mara tatu kwa ajili yake."

Sijaisahau ile kauli mpaka leo.

Sasa sikia kilichotokea siku ya sherehe. Nyuma ya choo cha pale nyumbani kulikuwa na kichaka cha bogenvilia. Hakuna aliyekuwa anakimwagilia. Hakuna aliyekumbuka hata nani alikipanda. Mwezi ule wa tisa, bila tone la mvua tangu mwishoni mwa mwezi wa nne, kilikuwa kimejaa maua ya zambarau hadi huoni majani. Vijana wakakata matawi, wakafunga kwenye nguzo za turubai, na wageni wote wakasifu. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikijiuliza: nilisoma nini, kama kichaka cha nyuma ya choo kinajua kazi kuliko mimi?

Jifunze kwa miyombo

Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu sote. Mishamo imezungukwa na misitu ya miyombo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: inaanza mwezi wa kumi na moja, inakatika mwezi wa nne, halafu ni ukame mpaka mvua ya msimu unaofuata. Joto kali zaidi linakuja Septemba na Oktoba, mwishoni kabisa mwa ukame. Lakini tazama msituni wakati huo huo. Miyombo inachipua majani mapya mekundu, mengine ya rangi ya shaba, kabla mvua haijaanza! Nani kaimwagilia?

Hakuna. Ina mizizi mirefu inayofuata unyevu wa chini, na imehifadhi chakula tangu masika.

Basi kanuni yangu ya leo ni hii, ukisahau mengine yote usiisahau: rangi ya kiangazi inatoka kwenye mizizi, haitoki kwenye ndoo. Mmea unaopandwa mwezi wa sita hauna mizizi, una wewe tu. Mmea uliopandwa mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, una miezi mitano ya kushuka chini kabla jua halijaanza kazi yake.

Kwa hiyo bustani ya mwaka mzima tunaipanga kwa makundi matatu. La kwanza ni vichaka na miti yenye mizizi mirefu, ndiyo mifupa ya bustani. La pili ni mimea ya majani ya rangi, ambayo haingoji msimu wa kutoa maua. La tatu ni maua ya muda mfupi ya mbegu, haya tunayaachia mvua yenyewe. Mimi kwa yule mama nilianza na la tatu, tena wakati wa kiangazi. Ndiyo maana nilifeli.

Kundi la kwanza: mifupa ya bustani

*Bogenvilia.* Huyu ndiye mfalme wa kiangazi chetu. Ile rangi unayoiona si petali, ni majani maalumu yaliyozunguka kijiua kidogo cheupe cha katikati. Kwa sababu ni majani, yanadumu wiki nyingi bila kunyauka. Bogenvilia ikishashika vizuri, maji mengi yanaiharibu: inatoa majani ya kijani na kusahau maua. Kuipata ni rahisi. Kata tawi lililokomaa la unene wa penseli au zaidi, urefu wa sentimita 20 hivi, lenye vikonyo vinne au vitano. Chomeka kwenye kiriba au kopo lililotobolewa chini, weka kivulini, mwagilia kidogo kidogo. Usikatie tamaa haraka, baadhi ya vipandikizi huchukua hadi miezi miwili kutoa mizizi. Panda vingi kuliko unavyohitaji maana vingine vitakufa. Ina miiba, kwa hiyo usiiweke pembeni ya njia wanayopita watoto.

*Hibiskasi.* Inatoa maua makubwa mekundu, ya njano au ya waridi karibu miezi yote. Kila ua linadumu siku moja au mbili tu, lakini kesho yanakuja mengine. Inahitaji maji kidogo zaidi ya bogenvilia, hivyo iweke karibu na mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Ina maadui wawili: vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, na mbuzi. Vidung'ata waoshe kwa maji ya sabuni kidogo. Mbuzi mfunge.

*Mshubiri.* Shubiri zetu za kienyeji hutoa mishale ya maua mekundu na ya rangi ya chungwa katikati ya kiangazi, wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Ukipanda ukingoni mwa uwanja hutahangaika nayo tena. Ndege aina ya chozi watakuja kunyonya maua hayo, na watoto wanapenda kuwatazama.

*Franjipani.* Kiangazi inapukutisha majani na inakaa kama imekufa. Usiing'oe! Kabla au karibu na mvua inarudi na maua meupe au ya waridi yenye harufu nzuri. Kata tawi, liache kivulini wiki moja au mbili jeraha likauke, ndipo upande. Ukilipanda likiwa bichi linaoza. Utomvu wake unawasha, nawa mikono.

*Miti ya maua.* Kama una eneo, jakaranda inakupa zambarau Septemba na Oktoba, na mkrismasi unapokea kijiti kwa rangi nyekundu kuelekea Desemba, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Lakini mkrismasi una mizizi inayotambaa juu juu, na matawi yake hukatika kwa upepo. Uweke mbali na nyumba, mita 10 au zaidi, na mbali na choo na kisima.

Halafu tuna wa kwetu. Mkundekunde wa msituni unajaa maua ya njano mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua. Chukua mbegu zilizokomaa, kwaruza ganda kidogo, loweka usiku kucha, panda kwenye kiriba. Unachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa maua, lakini ni mti wa hapa hapa, unajua shida zetu.

Kundi la pili: majani ya rangi

Watu wengi wakisikia rangi wanafikiria maua tu. Kumbe majani ndiyo yanayoziba mapengo. Krotoni ina njano, nyekundu na kijani kwenye jani moja. Akalifa ina majani ya shaba, ukiwa na mstari mmoja wa akalifa mbele ya ukuta wa matofali umeshapata rangi ya siku 365. Masale yapo ya kijani na yenye michirizi ya njano, yanavumilia kivuli cha ukuta. Mkonge pori, ule wenye majani kama panga yaliyosimama, unaishi hata ukiusahau mwezi mzima.

Krotoni na akalifa hazipendi jua la saa nane mchana likiwa linagonga ukuta na kurudi. Ziweke upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi na kivuli cha jioni. Upande wa magharibi waachie bogenvilia na mshubiri.

Kundi la tatu: maua ya mvua

Haya ni zinia, merigoldi, kosmosi na alizeti. Yapande kwa mbegu mvua zikishatulia, kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba. Zinia inaanza kutoa maua baada ya wiki nane hivi, ukikata maua yaliyochakaa inaendelea mpaka mvua zinapokatika. Mwezi wa tano ikikauka, usisikitike. Chukua mbegu, zikaushe, zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi mahali pasipo na panya, na msimu ujao hununui tena.

Merigoldi ina faida ya ziada. Ukiipanda kwa msongamano kwenye eneo ambalo msimu ujao utaweka nyanya, mizizi yake hupunguza minyoo fundo kwenye udongo. Ninyi mnaolima tumbaku na nyanya mnaujua ule ugonjwa wa mizizi yenye vinundu. Shina moja moja pembeni ya bustani halitoshi, lazima ijae eneo lote kwa miezi miwili au mitatu.

Kosmosi, zinia na alizeti zinaliwa vizuri na nyuki. Kama una mizinga karibu, usipulizie dawa ya tumbaku kwenye maua haya. Dawa ile haichagui mdudu.

Kuna na vinka, lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska. Linatoa maua karibu mwaka wote kwa maji kidogo sana na linajiotesha lenyewe. Ni mmea ambao wanasayansi walipata kwao dawa za kutibu saratani, lakini hiyo ni kazi ya kiwandani na hospitali. Nyumbani usichemshe ukanywa, ni sumu.

Kalenda ya rangi

Kabla hujanunua mche wowote, chukua daftari na andika miezi 12. Mbele ya kila mwezi andika angalau mimea miwili itakayokuwa na rangi. Mwezi ulio wazi ndio unaotafutiwa mmea. Kwa hapa kwetu inakuwa takribani hivi:

Novemba na Desemba: mkrismasi, franjipani, hibiskasi.

Januari hadi Aprili: zinia, merigoldi, kosmosi, alizeti, hibiskasi.

Mei hadi Julai: mshubiri, bogenvilia inaanza, vinka.

Agosti hadi Oktoba: bogenvilia imejaa, mkundekunde, jakaranda.

Miezi yote: krotoni, akalifa, masale.

Miezi inaweza kusogea kulingana na mvua ya mwaka huo na mahali ulipo. Tembea kijijini kwako mwezi wa tisa, angalia uwanja wa nani una rangi, muulize alipanda nini na lini. Huyo ndiye mwalimu bora kuliko orodha yangu.

Namna ya kupanda ili mizizi ishuke

Chimba shimo mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Sentimita 60 upana, sentimita 60 kina. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Mvua ikianza, changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, rudisha shimoni kwanza. Samadi mbichi inaunguza mizizi, usiharakishe. Panda mvua zikishashika, si ile mvua moja ya kudanganya. Acha kisahani kuzunguka shina ili maji yakae.

Mwezi wa nne mwishoni, udongo ukiwa bado na unyevu, tandaza nyasi kavu unene wa kiganja. Hapa kuna jambo la Mishamo: mchwa. Nyasi zikigusa shina, mchwa watapanda. Acha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina na nyunyiza majivu ya jikoni katika nafasi hiyo. Kagua kila wiki.

Kiangazi cha kwanza mpe kila kichaka nusu ndoo mara moja kwa wiki, jioni, polepole mpaka izame. Usimwagilie kikombe kimoja kila siku, maana unafundisha mizizi kukaa juu. Kwa vichaka vinane hiyo ni lita 80 kwa wiki. Umeona? Tuta langu la petunia lilikunywa kiasi hicho hicho kwa siku moja. Kiangazi cha pili punguza iwe kila baada ya wiki mbili, na bogenvilia na mshubiri unaweza kuziacha kabisa. Maji ya kusuuzia vyombo na kuoshea mboga yanafaa. Yale ya kufulia yenye povu zito yamwage kwingine.

Mazuri yenye sumu, na mazuri yanayovamia

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu mtoto na mbuzi hawasomi.

Olianda, ile yenye majani membamba na maua ya waridi, inavumilia ukame sana na watu wanaipenda. Lakini ni sumu yote, majani, maua na hata vijiti vyake. Usipande shuleni wala karibu na zizi, na usitumie vijiti vyake kuchomea nyama. Ile ndugu yake yenye maua ya njano kama kengele na tunda la kijani ni hatari vile vile, hasa mbegu. Waridi la jangwani nalo lina utomvu wa sumu. Ukitaka kulipanda, liweke mahali watoto wadogo hawafiki.

Lantana inatoa maua ya rangi mbili tatu kwenye shada moja, inapendeza kweli. Tatizo ni kwamba ndege hubeba mbegu zake, na inageuka pori linaloua malisho. Ng'ombe akiila inamdhuru ini. Mimi siipendekezi kabisa.

Na kuna mti wa sena wenye mashada ya njano yanayong'aa, ambao baadhi ya watu huuleta kwa ajili ya kivuli. Majirani zetu wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale wameshapata shida nao: ni mti wa kigeni, uliingia ukasambaa ndani ya msitu na watafiti wakalazimika kutafuta njia za kuudhibiti. Sisi tuko ukingoni mwa misitu yetu. Ukitaka njano, panda mkundekunde.

Mzee na mti wake

Nimalizie na jambo ambalo halikuwa kwenye vitabu vyangu.

Baada ya ile aibu ya Agosti nilirudi kwa mama yule mwezi wa kumi, nikaomba nianze upya, kwa miche niliyoiotesha mwenyewe, bila malipo. Tukawa tunachimba mashimo. Baba mkwe wake, mzee sana, alikuwa amekaa kwenye kigoda anatutazama. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, na umurinzi hupandi?"

Sikulijua jina. Akanipeleka nyuma ya shamba. Kumbe ni ule mti ambao Kiswahili tunauita mwamba-ngoma, wenye magome ya miiba na maua mekundu kama kaa la moto. Ulikuwa umeshamaliza maua yake. Mzee akaniambia kwamba kila mwaka kiangazi kikishakolea unapukutisha majani yote, kisha matawi makavu yanawaka. Kwa Kirundi jina lake linatokana na kulinda, yaani mlinzi. Kwao Burundi ulikuwa mti wa heshima, ulipandwa nyumbani kwa ajili ya mambo ya mila.

Nikamuuliza aliupanda lini. Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba walipoletwa hapa, makazi yalipofunguliwa mwaka 1978, kila familia ilipewa eneo la kulima, wakafyeka na kupanda mahindi, maharage na mihogo. Vitu vya kula. "Maua ya miti hatukupanda," alisema. "Ulikuwa hujui kama utakuwepo yakitoka." Wengi mnaifahamu historia hii: hata baada ya watu kukubaliwa uraia, kwa miaka kadhaa mpango ulikuwa wahamishiwe mikoa mingine, mpaka vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014 na ikajulikana kwamba wanabaki. Mwaka uliofuata mzee alikata tawi la umurinzi lenye unene wa mkono, akalichomeka nyuma ya shamba.

"Mahindi hupandwa na mwenye njaa," aliniambia. "Huu hupandwa na anayebaki."

Nilikuwa nimeshika jembe, sikuwa na la kujibu. Tukakata matawi matatu ya urefu wa mita moja na nusu, tukayaacha kivulini siku chache jeraha likauke, tukayachomeka kwenye kona ya uwanja. Mawili yameshika. La tatu lililiwa na mchwa. Ongeza basi kwenye kalenda yako, Julai hadi Septemba: mwamba-ngoma, nyekundu. Mbegu zake zina sumu, waambie watoto wazichezee kwa kutengeneza shanga tu, wasizitafune.

Hali ilivyo sasa

Nisiwadanganye, si kila kitu kimekwenda sawa pale Bulamata. Hibiskasi mbili zililiwa na mbuzi. Krotoni moja niliiweka upande wa magharibi kwa kiburi, ikaungua. Jakaranda bado ni fimbo, itahitaji miaka. Na Juni kuna wiki kama tatu ambazo uwanja unapoa, mshubiri haujafunguka vizuri na zinia zimekwisha. Pengo hilo bado nalitafutia mmea, na kwa sasa akalifa ndiyo inayoshikilia.

Lakini mwezi wa tisa uliopita yule binti wa send-off alikuja kusalimia nyumbani, amebeba mtoto mgongoni. Bogenvilia mpya mbili zilikuwa zimeshafika usawa wa dirisha, moja ya zambarau, moja ya rangi ya chungwa, zote zimetoka kwenye kile kichaka cha nyuma ya choo na kingine cha jirani. Yule mdogo wake aliyekuwa akibeba ndoo alikuwa shuleni, kwa wakati. Mama akanikaribisha kiti, akaniambia, "Bwana shamba, haya sasa ni maua."

Kwa hiyo ndugu msomaji, kazi ya wiki hii ni ndogo. Andika ile kalenda ya miezi 12. Chagua mahali pa mashimo matano tu, usianze na ishirini. Omba kipandikizi kwa jirani, maua mengi ya Mishamo yanapatikana bure ukiomba vizuri. Otesha sasa kivulini ili mvua ikija uwe tayari. Na kama umeshanunua petunia, hujakosea, ziweke mbili kwenye kopo mlangoni, kikombe cha maji kinazitosha.

Ukikwama, niulize. Na ukiniona napita kijijini kwako mwezi wa tisa, nisimamishe unionyeshe.

Kilimo chema, na bustani njema.